Lebo isiwe kosa kwa mpishi wa nyumbani

BIASHARA ya kuuza vyakula vinavyoandaliwa nyumbani si jambo geni nchini. Tangu zamani, wakazi wa Pwani wamejua mahamri na viazi vya karai vya asubuhi, kachri, kashata na mabuyu yanayouzwa barazani. Mwezi wa Ramadhani unapoandama, sambusa, kaimati na mkate wa sinia hupangwa milangoni alasiri ili aliyechelewa kazini apate cha kufuturu. Bara nako kuna maziwa lala, asali, njugu za kukaanga na chapati ambazo kina mama huzisukuma jikoni mwao na kuzipeleka maofisini na kwenye maeneo ya ujenzi.

Kilichobadilika ni upana wa biashara yenyewe na umbali uliopo baina ya mpishi na mlaji. Shule, hoteli na mikahawa ilipofungwa kuanzia Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, wengi waliopoteza ajira waligeukia majiko yao. Wapo waliooka keki, wapo waliosaga siagi ya njugu na kutengeneza achari, na wapo waliofungua buti za magari kando ya barabara na kuzigeuza kuwa maduka. Janga lilipungua, lakini biashara ikabaki. Leo hii mteja aliye Rongai huagiza keki kwa simu kutoka kwa mwokaji wa Kasarani, akalipa kwa M-Pesa na kuletewa na mwendeshaji bodaboda, pasipo wawili hao kuonana uso kwa uso.

Zamani jirani alimjua aliyempikia. Alijua maji aliyotumia yalitoka wapi, aliona jinsi alivyoosha vyombo, na mwanawe akiumwa na tumbo alijua mlango wa kubisha. Wahenga waliposema kwamba kizuri chajiuza, walikuwa wakizungumzia soko ambalo muuzaji na mnunuzi walifahamiana. Mteja wa leo ana picha kwenye simu tu. Kitu kinachoweza kujaza pengo lililoachwa na ujirani huo ni lebo: kikaratasi kinachoeleza chakula ni kipi, kimetengenezwa kwa nini, lini, na nani.

La kushangaza ni kwamba sheria zetu, kwa jinsi zilivyo sasa, humfanya mpishi wa nyumbani aogope kubandika kikaratasi hicho. Anayeandika jina lake, mtaa wake na nambari yake ya simu juu ya chupa ya achari ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe kwamba anauza chakula bila vibali. Mwenzake anayefunga achari iyo hiyo katika mfuko mtupu usio na neno lolote hana wasiwasi, kwa kuwa chakula hakiwezi kumtaja. Sheria inayomwadhibu anayejitambulisha na kumwacha anayejificha haimlindi mlaji, hata iwe kali namna gani.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, yafaa tuziangalie sheria zenyewe. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, enzi za ukoloni. Miongoni mwa mengine, sheria hiyo inakataza mtu kuishi au kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuza huandaliwa au kuhifadhiwa. Katazo hilo lina busara yake, kwani palipo na matandiko, watoto na wagonjwa pana njia nyingi za kupitisha maradhi. Hata hivyo, katika nyumba ya chumba kimoja mtaani Mathare au Kisauni, jiko, kitanda na meza hukaa pamoja. Mama anayekaanga mahamri ya kuuza humo amevunja sheria kabla hajawasha moto, awe msafi au mchafu.

Ya pili ni Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, pamoja na kanuni zake za mwaka 1978. Kanuni hizo zinahusu usafi wa chakula na majengo yanamoandaliwa, na vilevile lebo na viambato vinavyoongezwa. Chini ya utaratibu huu, mahali pa kuandalia chakula hutakiwa kuwa na leseni, na anayekishika hutakiwa kuwa na cheti cha uchunguzi wa kiafya, ambacho kwa kawaida hutolewa upya kila baada ya miezi sita.

Ya tatu ni Sheria ya Viwango, Sura ya 496, iliyounda Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) mwaka 1974. Anayetaka kufunga chakula na kukiuza dukani kwa chapa yake hutakiwa kupata kibali cha kutumia nembo ya ubora. Kibali hicho hutolewa kwa bidhaa, si kwa mtu. Mama mwenye achari ya embe, ya ndimu na ya pilipili ana bidhaa tatu za kupimwa katika maabara na kulipiwa.

Juu ya hayo yote zipo serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Kila kaunti basi ina ada zake na maafisa wake, na kibali cha biashara hulipiwa kando.

Hakuna ubaya wowote kwa sheria hizi kuwepo. Kasoro ni kwamba ziliandikwa kwa kufikiria kiwanda, hoteli au duka. Hakuna mahali zinapomtambua mtu anayeoka mikate ishirini kwa siku katika jiko analopikia wanawe. Kwa hivyo mtu huyo amewekewa milango miwili tu: ama atimize masharti ya kiwanda, ama afanye kazi gizani. Wengi, kwa kukosa uwezo wa kwanza, huchagua wa pili.

Hata hivyo, huruma kwa wapishi hawa isitufanye tukayapuuza madhara. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama na 420,000 kati yao hufariki. Kwa Afrika pekee, makadirio hayo yalikuwa wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000 kwa mwaka. Haya ni mazishi, na katika bara letu waathiriwa wengi ni watoto.

Wala neno "nyumbani" si hakikisho la usalama. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika maeneo ya Makueni, Kitui na sehemu jirani baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sehemu kubwa ya mahindi hayo ilikuwa imekuzwa na kuhifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo hutokana na ukungu, haina ladha ya kumtahadharisha mlaji, na haiondoki kwa kuchemshwa. Hakuna mama aliyekusudia kuiua familia yake. Ujuzi wa kukausha nafaka ndio uliokosekana.

Lakini pia "kiwandani" si hakikisho. Novemba 2019, KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi baada ya kupatikana na aflatoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa. Hizi zilikuwa pakiti zenye nembo, zilizouzwa katika maduka makubwa kote nchini.

Matukio hayo mawili yana funzo moja ambalo aghalabu husahaulika. Unga wa 2019 uliweza kuondolewa madukani kwa sababu ulikuwa na majina. Mnunuzi alienda jikoni mwake, akasoma pakiti na kujua kama ni ile iliyotajwa au sivyo. Mahindi ya 2004 hayakuwa na jina wala tarehe. Maafisa walilazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuyasaka. Chakula chenye lebo kinaweza kuwa kibaya, lakini ubaya wake una mahali pa kuanzia kuufuatilia.

Sasa, lebo nzuri huwa na nini? Kiwango cha Afrika Mashariki kinachosimamia vyakula vilivyofungashwa, kijulikanacho kama EAS 38, kinataja mambo ambayo si magumu hata kidogo. Jina la chakula liwe la kweli. Viambato viorodheshwe kwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzani. Uzani au ujazo utajwe, pamoja na jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, alama ya fungu la uzalishaji, tarehe na namna ya kuhifadhi. Pia viambato vinavyojulikana kuwadhuru baadhi ya watu kwa mzio, kama vile ngano, mayai, samaki, maziwa, soya na njugu, vionyeshwe waziwazi.

Kwa muuzaji wa kashata, hayo yote yanaenea katika karatasi isiyozidi kiganja: "Kashata za njugu. Viambato: njugu karanga, sukari, maji, iliki. INA NJUGU. Gramu 200. Fungu la 12. Zimetengenezwa tarehe fulani, zitumike kabla ya tarehe fulani. Hifadhi mahali pakavu. Zimetengenezwa Kenya, katika jiko la nyumbani." Chini yake pawe na jina, mtaa na simu. Katiba inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na hakuna sababu ya mlaji wa Likoni au Kawangware kuandikiwa viambato kwa lugha inayompiga chenga.

Kuhusu tarehe, pana tofauti ambayo wauzaji wengi huichanganya. "Bora kabla ya" huzungumzia ladha na ubora. Biskuti iliyopitisha tarehe hiyo huenda ikawa imelainika tu. "Usitumie baada ya" huzungumzia usalama, na huhusu vyakula vinavyoharibika upesi kama nyama na maziwa. Kuweka ya kwanza pahali pa ya pili ni kumdanganya mlaji.

Suala la mzio nalo wengi hulichukulia kuwa tatizo la nchi za Magharibi. Mwaka 2016, msichana Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta, ambao haukutajwa popote kwenye karatasi ya mkate huo. Wakati huo, chakula kilichofungashwa pale pale kinapouzwa hakikulazimika kuorodhesha viambato vyote. Familia yake ilipigania mabadiliko, na kuanzia Oktoba 1, 2021 orodha hiyo ikawa ya lazima kisheria. Nasi huku tuna ufuta kwenye mikate, njugu kwenye kashata na mchuzi, na mayai karibu katika kila keki. Mtoto mwenye mzio wa njugu hana muda wa kusubiri tujadiliane iwapo maradhi hayo ni ya Kizungu au ya Kiafrika.

Ikiwa basi lebo ni muhimu kiasi hiki, na mpishi anaiogopa, ni lipi la kufanya? Nchi nyingine zimewahi kufika katika njia panda hii, na zimeamua kuweka mlango wa tatu.

Mwaka 2011, mwokaji mmoja wa jijini Los Angeles, Marekani, alisimamishwa na maafisa wa afya kuuza mikate aliyooka nyumbani, muda mfupi baada ya gazeti kuandika habari zake. Kosa lake, kwa hakika, lilikuwa kujulikana. Kisa hicho kilichangia kupitishwa mwaka 2012 kwa sheria ya jimbo la California kuhusu vyakula vya nyumbani, ambayo ilianza kutumika Januari 2013.

Sheria hiyo iliwagawa wapishi katika makundi mawili. Anayemuuzia mlaji moja kwa moja hujisajili na kujaza fomu ya kujikagua mwenyewe. Anayetaka kuuza kupitia maduka hukaguliwa jiko lake. Wote wawili hutakiwa kupata mafunzo ya usafi wa chakula, huwekewa kikomo cha mauzo ya mwaka, na huruhusiwa kuuza vyakula vya orodha maalumu tu, visivyoharibika upesi. Kisha kila pakiti lazima ibebe maneno yanayosema kwamba chakula kimetengenezwa katika jiko la nyumbani, pamoja na nambari ya usajili.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuzwa hapo. Maneno yale yale ambayo yangemtia mpishi wetu matatani ndiyo huko yanayomfanya awe ndani ya sheria. Mlaji naye haambiwi kwamba jiko hilo ni sawa na kiwanda. Anaambiwa ukweli na kuachiwa uamuzi. Miaka sita baadaye, mwaka 2018, California ilipitisha sheria nyingine inayoruhusu hata sahani za chakula kilichopikwa kuuzwa kutoka nyumbani, lakini kwa masharti makali zaidi, na kwa kaunti zinazokubali tu.

Uingereza nayo haiweki tofauti kubwa baina ya jiko la nyumbani na la mkahawa. Anayeanza biashara ya chakula hutakiwa kujisajili kwa serikali ya mtaa siku 28 kabla ya kuanza. Usajili huo haulipiwi na hauwezi kukataliwa. Baada ya hapo mkaguzi huja, na biashara nyingi hupewa alama ya usafi kuanzia sufuri hadi tano, ambayo umma unaweza kuisoma. Kwa maneno mengine, kujitambulisha hakugharimu chochote. Uchafu ndio unaogharimu.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya nchi tajiri zenye wakaguzi tele. Lakini hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Tunao wetu, nao ni maziwa.

Kwa miaka mingi, kuuza maziwa mabichi mijini kulichukuliwa kuwa kosa. Wachuuzi walihangaishwa na maziwa yao kumwagwa, huku wakazi wengi wakiendelea kuyanunua kwa kuwa yalikuwa nafuu na karibu. Kati ya 1997 na 2005, mradi wa utafiti ulioihusisha serikali pamoja na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, ulichunguza biashara hiyo. Ulibainisha kwamba sehemu kubwa ya maziwa yaliyouzwa nchini yalipitia mikononi mwa wachuuzi hao, na kwamba familia nyingi ziliyachemsha kabla ya kuyanywa, jambo ambalo huua viini vya maradhi.

Kuanzia 2004, sera ilibadilika. Badala ya kuwinda tu, Bodi ya Maziwa ilianza kuwatambua wachuuzi waliopata mafunzo ya usafi na kuwapa leseni, wakitumia vyombo vya chuma visivyoshika uchafu na kujifunza vipimo rahisi vya kutambua maziwa yaliyochacha au kutiwa maji. Mpango huo haukukosa kasoro, na mvutano kuhusu maziwa mabichi umeibuka tena mara kadhaa tangu wakati huo. Lakini ulithibitisha jambo moja: mchuuzi akipewa njia halali ya kutoka gizani, wapo watakaoifuata, na afisa wa afya anapata mtu wa kumfundisha badala ya mtu wa kumkimbiza.

Kinachopendekezwa hapa ni kulichukua funzo hilo la maziwa na kulipeleka jikoni. Tayari tunacho kipimo cha udogo wa biashara. Sheria ya Biashara Ndogo Kabisa na Ndogo ya 2012 inaitaja biashara ndogo kabisa kuwa ile isiyozidi mauzo ya Sh500,000 kwa mwaka na yenye wafanyakazi wasiofika kumi. Nusu milioni kwa mwaka ni wastani wa Sh1,370 kwa siku, na hayo ni mauzo, si faida. Ndani yake mna unga, sukari, mafuta, gesi na nauli ya bodaboda. Mtu wa kiwango hicho hawezi kubebeshwa mzigo wa kiwanda cha mikate.

Kwa walio chini ya kiwango hicho, kaunti ziweke daftari la usajili, kwa ada ndogo au bila ada. Masharti yawe manne: cheti cha afya kama ilivyo sasa, mafunzo mafupi ya usafi, kuuza vyakula vilivyo katika orodha iliyoidhinishwa, na lebo yenye nambari ya usajili. Anayekua na kupita kiwango, au anayetaka kufikisha bidhaa yake kwenye rafu za maduka makubwa, apande ngazi hadi KEBS kama wengine.

Orodha hiyo ya vyakula ndiyo moyo wa mpango wote, kwa sababu vyakula havilingani kwa hatari. Viini vya maradhi hupenda unyevu na joto la wastani, hasa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Mkate, biskuti, kashata, visheti na kachri ni vikavu. Achari yenye siki ya kutosha ina ukali usiovumiliwa na viini hatari. Asali ina sukari nyingi mno. Hivi vyaweza kuruhusiwa mapema, ingawa lebo ya asali ionye kwamba asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana inaweza kumletea sumu ya botulini.

Kwa upande mwingine, pilau, mchuzi wa samaki, nyama, maziwa na keki zenye krimu mbichi ni vyakula vinavyoharibika upesi. Wali ukiachwa nje usiku kucha huweza kuzalisha sumu ambayo kupashwa moto hakuiondoi. Hivi visiingizwe katika daftari bila jiko kukaguliwa na bila njia ya kuaminika ya kuviweka vikiwa moto au baridi. Siagi ya njugu nayo, japo haiozi haraka, isiruhusiwe bila mtengenezaji kuonyesha alikonunua njugu zilizokaushwa vyema, kwa ajili ya aflatoksini.

Katazo la kulala chumba cha kupikia pia litahitaji kutazamwa upya. Halifai kufutwa, ila lielezwe kwa namna inayotekelezeka: wakati wa kupika kwa ajili ya kuuza pasiwe na mgonjwa, mtoto mdogo wala mnyama chumbani, na viungo viwekwe katika vyombo vyenye vifuniko, mbali na sakafu na matandiko. Asiyeweza kutimiza hata hayo, aelekezwe kwenye jiko la pamoja ambalo kaunti au chama cha kina mama kinaweza kulianzisha sokoni.

Wapo watakaopinga. Wenye hoteli na viwanda vya mikate watauliza kwa nini wao walipie leseni zote huku jirani akisamehewa. Hoja yao ni ya haki, na jibu lake ni kikomo cha mauzo. Anayeuza kidogo hawezi kuwaangusha, na akikua atalipa kama wao. Aidha, ushindani wanaoulalamikia upo tayari. Tofauti ni kwamba leo haujulikani ulipo.

Maafisa wa afya watasema hawatoshi kukagua kila jiko. Ni kweli, na ndiyo sababu wahitaji daftari. Sasa hivi wanakagua kwa kubahatisha. Wakiwa na orodha ya nani anauza nini, wataenda kwanza palipo na hatari au malalamiko, na kumwacha muuza biskuti aendelee na tanuri lake.

Wapishi wenyewe nao wana hofu kubwa kuliko wote, kwamba daftari la usajili litageuka kuwa daftari la ushuru. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, ushuru wa mauzo unaotozwa biashara ndogo uliwekwa kwa wale wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Mwenye chini ya nusu milioni hajafika huko. Hata hivyo, kaunti zetu zina sifa ya kubuni ada kila mwaka wa bajeti, na hofu hiyo haitaondolewa kwa maneno ya majukwaani. Iandikwe katika sheria ya kaunti kwamba daftari hilo ni la afya, na kwamba aliyesajiliwa hatashtakiwa kwa kupika nyumbani maadamu anafuata masharti.

Mlaji pia ana wajibu wake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwokaji anayesifiwa mitandaoni leo anaweza kesho kupokea oda asizoziweza, akaanza kutumia mayai ya juzi na kuoka usiku wa manane kwa uchovu. Sifa za wateja ni njema, lakini hazichukui nafasi ya kuuliza: kimetengenezwa lini, kina nini ndani, na nambari yako ya usajili ni ipi? Swali hilo likizoeleka, asiyekuwa na jibu atakosa wanunuzi bila askari yeyote kutumwa.

Mswada wa kuratibu udhibiti wa usalama wa chakula na malisho, uliofikishwa katika Bunge la Kitaifa mwaka 2023, ulinuia kupatanisha kazi za asasi nyingi zinazogongana katika sekta hii. Lengo hilo ni zuri. Lakini uratibu wa asasi za juu hautamfikia mama wa chumba kimoja ikiwa hakuna kifungu kinachomtaja. Wala kaunti hazihitaji kusubiri Nairobi, kwani Katiba imekwisha kuzipa mamlaka ya kutoa leseni kwa wauza chakula. Kaunti moja tu ikithubutu, tuseme Mombasa kabla ya Ramadhani, wakati vyakula vya nyumbani hutapakaa kila mtaa, nyingine zitapata cha kuiga au cha kurekebisha.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika na anachonunua, na ya kulindwa afya yake. Haki hizi mbili hazigombani na riziki ya mpishi. Zinachodai ni kwamba ajulikane, na kwamba kujulikana kusimletee hasara. Siku ambayo mwokaji wa Kasarani ataweza kuandika jina lake juu ya keki bila kutazama nyuma, mteja wa Rongai atakuwa amelindwa zaidi kuliko anavyolindwa sasa na sheria zote nne zikiwekwa pamoja.